Haki za Samaki Aliyefungiwa Nyumbani

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Kila sifa njema ni yake Mwenyezi Mungu aliyeumba bahari na vilivyomo ndani yake, na sala na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo: Katika mambo yanayoonekana majumbani siku hizi ni kufuga samaki wadogo wa rangi ndani ya vyombo vya kioo. Baba humnunulia mwanawe samaki mmoja au wawili, akawatia katika chupa ya duara, akaiweka juu ya meza ya ukumbini ili wageni watazame. Hazipiti siku nyingi ila samaki wale huonekana wakielea, matumbo juu. Hutupwa, na wengine hununuliwa. Wala hapana katika nyumba hiyo ajiulizaye kama pametendeka dhambi.

Lau mtu huyo angalimfunga mbuzi uani bila ya maji mpaka akafa, majirani wangalimwambia kuwa amedhulumu, na yeye mwenyewe angalijuta. Walakini samaki hana sauti ya kulia, na shida yake haijulikani ila kwa mwenye kuangalia. Kwa hivyo kufa kwake huhisabiwa kuwa si kitu.

Makusudio ya somo hili ni kubainisha mambo mawili. La kwanza, kwamba samaki aliyefungiwa ana haki juu ya shingo ya aliyemfungia, kama alivyo nayo mnyama mwengine yeyote. La pili, kwamba sehemu iliyo kubwa ya haki hiyo si chakula, bali ni maji. Na asiyeijua ilimu ya maji hayo hawezi kuitimiza haki hiyo hata akiwa na moyo wa huruma.

FASILI YA KWANZA
Hukumu ya kufuga samaki kwa kumtazama

Asili ya jambo hili ni ruhusa. Dalili yake ni hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kwa Anas bin Malik, radhi za Mungu zimshukie. Anas alikuwa na ndugu yake mdogo aitwaye Abu Umair, na mtoto huyo alikuwa na kindege akichezea. Kindege kile kikafa, na Mtume (S.A.W.) alipomwona mtoto ana huzuni, alimsemesha kwa upole na mzaha, akamwuliza khabari ya ndege wake. Hakumkemea mtoto, wala hakuwalaumu wazee wake kwa kumwachia ndege wa kuchezea.

Hadithi hii, ijapokuwa fupi, wanavyuoni wameitazama sana. Imamu Abul-Abbas Ibnul-Qass wa Tabaristan, mmoja katika wakubwa wa madhehebu ya Shafi, aliyefariki mwaka 335 wa Hijra, alitunga risala nzima juu yake, akatoa ndani yake faida sitini. Na katika yaliyochukuliwa kwayo ni kwamba yajuzu mtoto kuachiwa ndege amchezee maadamu hamtesi, na yajuzu kumweka ndege tunduni.

Naye Imamu al-Qaffal aliulizwa juu ya kuwafungia ndege matunduni ili kusikiliza sauti zao. Akajibu kwamba inajuzu, kwa sharti mwenye ndege awaangalie kwa kila wanachokihitaji, kwani hao ni mfano wa mnyama aliyefungwa kamba.

Sharti hili ndilo roho ya mas-ala yote. Samaki ndani ya hodhi la kioo ni kama ndege ndani ya tundu, na ruhusa ya kumweka imefungamana na kumtimizia mahitaji yake. Sharti likikosekana, ruhusa nayo huondoka.

Ama nia, hiyo nayo ina daraja zake. Mwenye kufuga ili atazame uzuri wa maumbile ya Mwenyezi Mungu, au ili mwanawe ajifunze huruma na kutimiza amana kila siku, huyo hutumaini thawabu. Mwenye kufuga kwa kujipumbaza tu, jambo lake ni mubaha. Na mwenye kutumia mali nyingi kwa kujifakhiri mbele ya watu, na huku jamaa zake wana haja, huyo ameingia katika israfu, na samaki wake hawana kosa.

FASILI YA PILI
Nafaka ya mnyama ni wajibu

Hadithi ya mwanamke na paka ni mashuhuri, na wameipokea Bukhari na Muslim. Mwanamke huyo aliadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa. Na maneno ya hadithi hiyo yametaja mambo mawili kwa pamoja: hakumlisha, wala hakumwacha aende akajitafutie katika wadudu wa ardhini. Hapa pana somo kubwa. Paka aliye njiani riziki yake iko njiani, na wapitao hawaulizwi kwa nini hawakumlisha. Lakini mlango ulipofungwa, mzigo ulihama. Kile alichokuwa akikipata paka kwa makucha yake kilikuwa sasa hakipatikani ila kwa mkono wa yule aliyefunga mlango.

Hali ya samaki ni hiyo hiyo, tena zaidi. Samaki aliye baharini hahitaji kwa mwanadamu kitu chochote: maji yake husafishwa na mawimbi, chakula chake kimetandazwa miambani, na akitishwa hukimbilia pangoni. Siku anayotiwa ndani ya kioo, vyote hivyo humwondokea kwa mara moja, na aliyemtia humo amejitwika deni la kumpa badala yake.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameeleza mwishoni mwa mlango wa nafaka katika kitabu chake Minhaj kwamba ni wajibu wa mwenye wanyama kuwapa malisho na maji. Akikataa, hulazimishwa: ikiwa mnyama ni wa kuliwa, amwuze, au amlishe, au amchinje, na ikiwa si wa kuliwa, amwuze au amlishe. Al-Khatib Shirbini, aliyefariki mwaka 977, alipoisherehesha Minhaj katika Mughni hakuishia kwa ng'ombe na ngamia. Alitaja nyuki, kwamba mwenye mizinga huwaachia asali ya kuwatosha ikiwa hawana chakula kingine. Akataja na viwavi wa hariri, kwamba mwenye navyo huvipa majani ya mforosadi au huviacha vikayale. Basi ikiwa kiwavi ana nafaka yake katika vitabu vya fikihi, samaki hawezi kukosa yake.

Na Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 660, amezihisabu haki za wanyama juu ya watu. Katika hizo ni kumgharimia mnyama hata akiwa mzee au mgonjwa asiye na manufaa tena, kutomtwika asichokiweza, kutomchanganya na mwenye kumdhuru, awe wa jinsi yake au wa jinsi nyengine, na kumtengenezea vizuri pahala pake pa kulala. Haki hizi zote zina nafasi yake katika hodhi la samaki, kama itakavyoonekana.

Huenda mtu akasema: "Samaki ni kitoweo. Ni halali hata akifa bila ya kuchinjwa. Vipi atakuwa na haki ya kuonewa huruma?" Jawabu lake ni kwamba ruhusa ya kula si ruhusa ya kutesa. Hadithi ya Shaddad bin Aus, aliyoipokea Muslim, ambayo Mtume (S.A.W.) ameeleza ndani yake kwamba wema umefaradhiwa katika kila jambo, mfano wake umetolewa katika kuua na kuchinja kwenyewe: kisu kinolewe, na mnyama apumzishwe. Pakiwa pana wajibu wa wema katika saa ya mauti, upo zaidi katika siku za uhai.

Wala fikihi haikumsahau samaki kwa jina lake. Imo katika Minhaj kwamba asikatwe samaki kipande akiwa yu hai. Imo katika sharhe zake kwamba samaki mkubwa ambaye roho yake hukawia kutoka ni suna kumchinja, ili apumzike. Na Sheikh Abu Hamid wa Isfarayin alikataza kumtupa samaki anayetapatapa ndani ya mafuta yanayochemka, kwa kuwa ni adhabu, ijapokuwa wako wengine katika madhehebu walioona inajuzu. Wanavyuoni hao, basi, walimhisabu samaki kuwa ni kiumbe mwenye kuumia. Na mwaka 2003 wataalamu wa Uingereza walichapisha uchunguzi wao juu ya samaki aina ya trauti. Walikuta katika uso wake mishipa ya kuhisi maumivu, na samaki waliodungwa dawa ya kuchoma midomoni waliisugua midomo yao chini kwenye changarawe na kuacha kula kwa muda wa saa kadhaa. Wako wataalamu wanaobishana juu ya namna maumivu hayo yalivyo, lakini mwenye kumcha Mungu hangojei ubishi wao umalizike ndipo aache kudhuru.

FASILI YA TATU
Nafaka ya samaki ni maji

Mbuzi hupewa maji ayanywe. Samaki huishi ndani ya maji yake, huvuta pumzi ndani yake, hula ndani yake, na uchafu wake hubaki ndani yake. Kwa hivyo maji kwake ni malisho, na hewa, na malalo, na choo. Mwenye kulijua hili ameijua nusu ya ilimu ya kufuga samaki.

Samaki anapovuta pumzi hutoa kwa matamvua yake sumu iitwayo amonia, ambayo harufu yake kali yajulikana na kila aliyeingia zizini. Baharini sumu hii hupotea mara moja. Katika chupa ya lita nne au tano haina pa kwenda. Hukusanyika siku kwa siku, huku maji yakionekana meupe na safi kwa jicho la mtazamaji, mpaka inamchoma samaki matamvua akafa. Hii ndiyo sababu ya vifo vingi vinavyosemwa kuwa ni "ajali yake imefika". Ni kweli kwamba kila ajali ina wakati wake, lakini mwenye kumnyima mnyama pumzi hasalimiki na suali kwa kusingizia kadari.

Mwenyezi Mungu ameweka dawa ya sumu hii. Wako vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo huigeuza amonia kuwa nitriti, nayo pia ni sumu. Kisha vijidudu vyengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni machache na huondolewa kwa kubadilisha maji. Vijidudu hivi hukaa juu ya changarawe na ndani ya sifongo la chujio. Lakini havipatikani kwa siku moja. Hodhi jipya huchukua kwa kawaida wiki nne mpaka sita hata vikaenea. Anayenunua hodhi na samaki asubuhi moja, akawatia wote kwa pamoja, amewatia samaki katika nyumba isiyo na choo. Inampasa alitayarishe hodhi kwanza, kisha awatie samaki wachache wachache.

Maji ya mfereji hutiwa klorini ili kuua vijidudu vya maradhi. Dawa hiyo ni rehema kwa wanaadamu, lakini humdhuru samaki matamvua na huviua vile vijidudu vyenye kumfaa. Maji yenye klorini yakiwekwa katika chombo kipana kilicho wazi kwa muda wa usiku na mchana, nyingi ya klorini hiyo huondoka. Ziko baadhi ya dawa za maji zisizoondoka kwa njia hii, nazo huhitaji dawa maalumu inayouzwa kwa wauza samaki. Maji ya visima vya pwani nayo mara nyingi huwa na chokaa, pengine na chumvi. Samaki wa Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yana madini mengi, hupenda maji ya namna hiyo. Samaki wengi wa mito ya Amazoni huyachukia. Kwa hivyo mwenye kununua samaki aulize ametoka wapi, kama vile mwenye kununua ng'ombe aulizavyo.

Joto nalo ni mlango mkubwa kwa watu wa pwani. Maji yakipata joto huipunguza hewa iliyomo ndani yake: lita moja ya maji matamu yenye joto la digirii 20 yaweza kuchukua kiasi cha miligramu 9 za oksijeni, na yakifika digirii 30 huchukua kiasi cha saba na nusu tu. Samaki wa dhahabu, ambaye ndiye mashuhuri kuliko wote, asili yake ni Uchina, nako ndiko alikoanza kufugwa zamani za ufalme wa Sung, ulioanza mwaka 960 wa Miladi. Huyo hupenda maji ya baridi kidogo, na ijapokuwa hustahamili joto la pwani, hustahamili kwa taabu akiwa ndani ya chupa ndogo iliyo dirishani kwenye jua. Akionekana ameinua mdomo juu ya maji akitweta, huko si kuomba chakula kama watoto wasemavyo. Aghalabu huwa anatafuta hewa.

Ama chakula, wengi hukosea kwa wingi kuliko uchache. Kila apitaye hutupa punje, na samaki huonekana kama mwenye njaa daima. Chakula kisicholiwa huoza na kuzidisha sumu ile ile. Kipimo chake ni kile anachokimaliza kwa muda wa dakika mbili tatu, na kilichobaki kiondolewe. Wala mkate na wali si chakula chake.

Na kubadilisha maji kuwe kwa sehemu: robo au theluthi kila wiki, kwa maji yaliyotayarishwa na yenye joto linalokaribiana na la mwanzo. Anayemwaga yote na kusugua kila kitu kwa sabuni amefanya kwa nia njema jambo lenye madhara mengi, kwani amewaua vijidudu wote, na sabuni yenyewe ni sumu kwa samaki. Chujio lisuuzwe katika maji yaliyotolewa hodhini, lisisuuzwe kwa maji ya mfereji.

Mambo haya si anasa ya wajuzi. Katika kawaida za usuli ni kwamba lile ambalo wajibu hautimii ila kwalo, nalo huwa wajibu. Ikiwa kumtunza samaki ni wajibu wa mwenye kumfungia, na kumtunza hakuwezekani bila ya kuyajua maji yake, basi kujifunza khabari ya maji hayo kunamlazimu kabla ya kununua, kama vile mfanya biashara inavyomlazimu kujifunza hukumu za riba kabla ya kufungua duka.

Na wazee wa pwani hawakuwa mbali na fahamu hii. Katika nyumba za mawe za Lamu mlikuwa na mabirika ya maji ambayo ndani yake hutiwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Na katika sakafu ya birika waashi walizoea kuzika bakuli la kauri, ili birika litakapotolewa maji kwa kusafishwa, samaki wapate mahali pa kukimbilia penye maji. Samaki hao walikuwa watumishi wa nyumba, wala hapana aliyewanunua kwa uzuri wao. Hata hivyo mwenye nyumba aliwawekea akiba ya maji kabla ya siku ya shida, wakati nyumba ilipokuwa ikijengwa. Huko ndiko kutimiza nafaka.

FASILI YA NNE
Pahala pake na wenziwe

Chupa ya duara ni chombo kibaya kwa samaki. Maji yake ni machache, na mdomo wake mwembamba huzuia hewa kuingia. Huko Italia, mji wa Monza mwaka 2004 na mji wa Roma mwaka 2005 iliweka kanuni za kukataza samaki kuwekwa ndani ya chupa za namna hiyo. Ikiwa mabaraza ya miji yameliona jambo hili, Muislamu aliyeamrishwa wema katika kila kitu ana haki zaidi ya kuliona.

Tena samaki wa dhahabu si mdogo kama anavyodhaniwa. Yule wa kawaida hukua akapita urefu wa sentimita 20, na umri wake akitunzwa hupita miaka kumi. Huko Uingereza alikuwako mmoja aliyepatikana katika michezo ya maonyesho mwaka 1956, akafa mwaka 1999. Wafugaji wajuzi hutaja kiasi cha lita 75 za maji au zaidi kwa samaki mmoja wa namna hii, yaani kiasi cha madebe manne. Yako maneno yanayosemwa na wauzaji kwamba samaki hukua kwa kadiri ya chombo chake. Maneno hayo huficha dhulma: anayesita kukua katika chombo kidogo amedumazwa na maji mabaya, kama vile mtoto adumaavyo kwa kukosa chakula.

Ama wenziwe, hapa ndipo linapoingia neno la Sheikh Izzuddin la kutomchanganya mnyama na mwenye kumdhuru. Samaki wa vita wa Siam, nchi ambayo sasa huitwa Thailand, madume wawili hawakai pamoja ila hupigana wakararuana mapezi. Kumweka dume mmoja peke yake ni katika haki yake. Kuwaweka wawili ili watu watazame vita ni katika kuwagombanisha wanyama, na imepokewa kwa Ibn Abbas kwamba Mtume (S.A.W.) amelikataza jambo hilo. Kwa kinyume chake, wako samaki wadogo wanaoishi kwa makundi, na mmoja wao akiwekwa peke yake huishi kwa khofu. Basi kila jinsi na iulizwe tabia yake. Na ndani ya hodhi pawe na jiwe, au chungu kilicholazwa, au mmea, ili samaki apate pa kujificha na macho ya watu.

FASILI YA TANO
Wajibu wa mvuvi na mwuzaji

Haki hizi hazimwangukii mnunuzi peke yake. Kutoka pwani ya Kenya samaki wa miambani hukamatwa wakiwa hai na kupelekwa ng'ambo kwa biashara ya mapambo, na kutoka Ziwa Tanganyika hali kadhalika. Ni kazi ya halali kwa asili yake, na wako wengi wanaolisha watoto wao kwayo. Lakini samaki anayetolewa penye kina kwa haraka, kibofu chake cha hewa hutanuka kikamwumiza. Basi apandishwe pole pole. Mwenye kuvunja matumbawe ili amtoe samaki mmoja amewabomolea nyumba wengine wengi. Na katika nchi kama Ufilipino wako waliotumia sumu ya sianidi ili kuwalevya samaki na kuwakamata. Wengi katika hao hufa baadaye mikononi mwa wanunuzi, na matumbawe hufa nao.

Ama mwuzaji, inajuzu kwake kuuza samaki aliye hodhini, kwa kuwa yuaonekana na kukamatwa kwake ni kwepesi, bali si kama samaki aliye baharini ambaye kumwuza ni kuuza kisichomilikiwa. Lakini inamlazimu kutaja aibu. Akijua kuwa samaki ni mgonjwa akanyamaza, au akamwambia mnunuzi kwamba chupa ndogo yatosha hali anajua kuwa haitoshi, huyo ameghushi, na mwenye kughushi ameonywa kwa onyo kali katika hadithi sahihi. Katika bidhaa nyengine khasara ya ghushi ni ya mnunuzi. Katika hii, wa kwanza kudhulumiwa ni samaki.

FASILI YA SITA
Mwenye kushindwa afanye nini?

Aliyefuga kisha akashindwa, kwa ufukara au safari au ujinga uliombainikia, mlango wake ni ule ule uliotajwa katika Minhaj. Na amwuze, au ampe bure mtu ajuaye kumtunza. Akiwa ni wa kuliwa na ana ukubwa wa kuliwa, anaweza kumla. Asichoweza ni kumwacha hodhini akangojea afe.

Wako wanaodhani kwamba kumtupa mtoni au baharini ni kumwacha huru. Hili lahitaji kutazamwa. Kumwachia samaki hakumtoi katika milki ya mwenyewe kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu. Na samaki wa nchi ya mbali akitiwa katika maji yasiyokuwa yake, ama hufa, ama huharibu. Mfano wake ni yule samaki mwenye mistari na miba ya sumu ambaye hujulikana katika miamba ya Bahari ya Hindi, na Waingereza humwita samaki-simba. Mwaka 1985 alionekana kwenye pwani ya Florida katika Marekani, ambako hakuwako kamwe. Na wataalamu wengi wanaona kwamba asili yake ni mahodhi ya watu. Tangu hapo amezaana na kuenea katika Bahari ya Karibi, akila vitoto vya samaki wa huko, na wavuvi wa visiwa hivyo wamepata madhara. Mtume (S.A.W.) amekataza kudhuru na kulipizana madhara. Basi mtu asidai kuwa anamrehemu samaki mmoja kwa kuwadhuru samaki wa bahari nzima na watu wanaokula kwayo.

MASWALI NA MAJAWABU

Suali: Mtoto wa miaka saba amepewa samaki wake mwenyewe, akasahau kumtunza mpaka akafa. Dhambi ni ya nani?
Jawabu: Mtoto hajakalifishwa. Aliyeulizwa ni walii wake aliyemweka mnyama chini ya mkono usioweza. Mtoto afunzwe na apewe sehemu ya kazi, lakini baba aangalie kila siku kwa jicho lake.

Suali: Mwenye samaki anasafiri kwa siku kadhaa. Afanyeje?
Jawabu: Samaki mzima aliyekwisha kukua hustahamili siku chache bila ya chakula, na hilo lina salama zaidi kuliko jirani asiyejua akamwaga kopo zima. Safari ikiwa ndefu, na amwekee mwaminifu, amfungie chakula cha kila siku katika karatasi mbali mbali, na amwelekeze khabari ya maji.

Suali: Umeme umekatika na pampu ya hewa imesimama.
Jawabu: Achote maji ya hodhi kwa kikombe na ayamimine tena kwa juu, mara kwa mara, ili hewa iingie. Wala asiwalishe mpaka umeme urudi.

Suali: Samaki ni mgonjwa na hapana tamaa ya kupona.
Jawabu: Kwanza atengwe, na maji yake yatazamwe, kwani maradhi mengi hutokana nayo. Wanavyuoni wa madhehebu wamekataza kumwua mnyama asiyeliwa kwa ajili ya kumpumzisha tu. Ama anayeliwa, kumchinja kwajuzu, na samaki ni katika wanaoliwa. Likiwa hapana budi, liwe kwa pigo moja la haraka. Asitupwe chooni akiwa yu hai, wala asiachwe juani akakauka.

KHATIMA

Imepokewa na Abu Daud kwa Abdullahi bin Jaafar kwamba Mtume (S.A.W.) aliingia bustani ya mtu mmoja katika Ansari, na humo mlikuwa na ngamia. Ngamia alipomwona Mtume alitoa sauti ya huzuni, na macho yake yakabubujika machozi. Mtume akamwendea, akampangusa nyuma ya masikio mpaka akatulia. Kisha akamwita mwenyewe, akamkumbusha kumcha Mwenyezi Mungu katika mnyama aliyemilikishwa, na akamwambia kwamba ngamia amemshitakia kuwa anamtia njaa na kumchosha.

Ngamia yule alikuwa na sauti ya kushitakia na machozi ya kuonekana. Samaki hana hili wala hilo. Mashitaka yake ni kutweta juu ya maji, na kukunja mapezi, na kukaa pembeni bila ya kula; na asiyejifunza hawezi kuyasoma. Basi mwenye kutaka kumfuga na apime nafsi yake kwanza: ana nafasi, na maji, na ilimu, na dakika chache za kila siku kwa muda wa miaka? Akiwa navyo, na afuge kwa jina la Mungu, na kila anapotengeneza maji yale atumai ujira uliotajwa kwa yule aliyemnywesha mbwa mwenye kiu. Na asipokuwa navyo, bahari iko karibu. Na achukue mwanawe mpaka ufukweni maji yakitoka, amwonyeshe samaki madimbwini, warudi nyumbani mikono mitupu na salama.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu kuwa ni wenye kuwarehemu waliomo ardhini na majini, na awarehemu siku ambayo hapana rehema ila yake. Amin.